Hisa za senti au vipande vya UTT? Eti hata Buffett alianza nazo

Mchuuzi_Mdogo: Wakuu, salaam. Nina akiba kidogo. Ninunue vipande vya UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya Tanzania, au nijaribu hisa za senti za Marekani, zile za chini ya dola 5? Grupu moja la WhatsApp linadai Warren Buffett, yule mwekezaji tajiri wa Marekani, alianza nazo.

Babu Hesabu: Nusu kweli. Alipoanza kununua Berkshire Hathaway Desemba 1962, hisa ilikuwa dola 7.50, na viwanda vyake vya nguo vilikuwa vinadorora. Ila mtaji wa uendeshaji pekee (mali za muda mfupi ukitoa madeni ya muda mfupi) ulikuwa dola 10.25 kwa kila hisa. Alinunua mali kwa bei ya chini, hakununua tetesi. Na Berkshire ya leo, iliyogeuka kampuni kubwa ya uwekezaji, haiwezi kununua hisa za senti hata ikitaka: ikiingiza dola milioni 50 kwenye kikampuni, bei itapaa kabla haijamaliza kununua.

Nuru_Tanga: Babu, umemsahau John Templeton, mwekezaji mwingine maarufu! Mwaka 1939 vita imeanza Ulaya, akakopa dola 10,000 na kununua hisa za kama dola 100 katika kila kampuni ya Marekani ambayo hisa yake iliuzwa dola 1 au chini. Kampuni zilikuwa 104, na 34 kati yake zilikuwa tayari zimefilisika. Miaka minne baadaye alipata kama dola 40,000. Hizo ni za senti hasa.

Babu Hesabu: Sikatai, dada. Lakini 104! Mwenzetu hapa ataambiwa anunue moja.

Mpita Njia: Mimi naona mnabishania bei ya hisa moja, ambayo haisemi kitu. Hisa ya Citigroup ilishuka chini ya dola 1 Machi 2009, na ni benki kubwa mno ya Marekani. Hisa ya Safaricom iliuzwa Sh5 za Kenya mwaka 2008. Pigeni hesabu ya thamani ya kampuni nzima.

Nuru_Tanga: Mchuuzi, hilo grupu limetaja kampuni gani?

Mchuuzi_Mdogo: Bado. Watataja Ijumaa, kwa waliolipia.

Nuru_Tanga: Haya basi. Stratton Oakmont, kampuni ya udalali wa hisa ya Long Island, Marekani, ilifanya hivyohivyo miaka ya 90: wanahodhi hisa wao kwanza, wanapiga debe bei ipande, kisha wanawatupia wateja.

Babu Hesabu: Kama pesa utaihitaji karibuni, Mfuko wa Ukwasi wa UTT unalipa ndani ya siku chache za kazi. Hisa ya senti unaweza kukosa hata mnunuzi.

Mchuuzi_Mdogo: Nimejitoa kwenye grupu. Fomu ya UTT napata wapi?