Ijumaa uwanjani na Bi Mkubwa
(Kikundi: Wajukuu wa Pangani, Durham, Marekani)

*Jumanne*

Shangazi Mwajuma 13:05
Assalaam aleykum jamani. Ijumaa Durham Bulls, timu yetu ya besiboli, wako nyumbani, na mchezo ukiisha kuna fataki. Bi Mkubwa anarudi Pangani wiki ijayo. Nataka twende wote tukae mstari mmoja. Kila nyumba iniambie watu wangapi, mwisho kesho jioni.

Shangazi Mwajuma 16:40
Mbona kimya? Naona mmesoma watu 14.

Sele 17:12
Yule fahali wa ubaoni pale uwanjani bado yupo?

Nasra 17:13
Yupo anko! Bulls wakipiga mpira ukavuka ukuta, macho yanawaka mekundu, pua zinatoa moshi, mkia unatikisika 😂

Sele 17:14
Na mchezaji akimlenga fahali mwenyewe anapewa steki. Akipiga nyasi za ubaoni chini yake, saladi.

Rashidi 17:15
Mnipange mpigaji namba nne, naifuata steki

Sele 17:15
Wewe saladi tu 😂😂

Shangazi Mwajuma 17:20
Steki baadaye. WATU WANGAPI?

Mama Nasra 19:48
Sisi watano inshallah. Lakini Maghribi inaingia kama saa 2 na nusu, mchezo uko katikati. Na hotidogi zao si zetu.

Shangazi Mwajuma 19:55
Tutaswali kwa zamu, wengine wakishika viti. Iningi tisa hizo, yaani zamu tisa za kupiga, ukitoka kidogo hupotezi kitu. Tena tangu waweke saa ya kumhimiza mrushaji, mchezo hauburuziki kama zamani. Chakula ni njugu za maganda. Mnakumbuka Bi Mkubwa alivyomenya pakiti nzima, maganda kayajaza kwenye pindo la kanga asichafue chini?

Nasra 19:57
Na yule kijana aliyenisainia mpira sasa kapandishwa timu kubwa ya Tampa Bay! Namwona kwenye TV. Alikuwa karibu hivi, niliona udongo kwenye kucha zake.

*Jumatano*

Sele 12:31
Na gari? Nauliza kwa sababu ya iningi ya saba ya siku ile.

Mama Nasra 12:33
Sele.

Sele 12:34
Watu wamesimama wananyoosha miguu, kugeuka gari lenu halipo. Wanangu walilia mpaka nyumbani. Na hela ya tiketi nne mpaka leo.

Mama Nasra 12:36
Unajua vizuri ile simu ilikuwa ya nini. Sitaandika hapa.

Mama Nasra 12:37
_Ujumbe huu umefutwa_

Rashidi 12:40
Jamani mimi steki yangu iive kiasi

Shangazi Mwajuma 12:41
Rashidi nyamaza!

Bi Mkubwa 14:02
🎤 Sauti 0:52

Nasra 14:10
Kwa walio kazini, Bi kasema hivi: “Wanangu, mchezo wenyewe siujui sana. Napenda yule mpigaji akigonga kofia, mwamuzi anakubali shauri lake litazamwe upya. Sasa nisikilizeni. Simu ya usiku ule niliipokea mimi, na mimi ndiye niliyesema tuondoke. Hela ya Sele iko juu yangu. Na kiti cha Hamza kinunuliwe. Kikae wazi, ubavuni kwangu.”

Sele 14:58
Shikamoo Bi Mkubwa. Hela basi, usinilipe. Sisi wanne.

Mama Nasra 15:03
🤲🏾

*Alhamisi*

Mjomba Athumani 07:10
Kumbe ni Ijumaa? Mimi nimeomba ruhusa ya Jumamosi. Halafu kesho mvua.

Shangazi Mwajuma 07:26
Mvua ikija watafunika uwanja kwa turubai, tutangoja. Nimeshanunua 12, na cha Hamza ni cha 13, pembeni kabisa. Mjomba, hujahesabiwa, sema leo. Tunakutana saa 11 na nusu American Tobacco, kwenye majengo ya matofali ya kiwanda cha zamani cha sigara, tuingie pamoja. Nani anamleta Bi Mkubwa?

Shangazi Mwajuma 11:15
Nani anamleta Bi Mkubwa?

Sele 11:52
Gari langu limejaa.

Mama Nasra 12:20
Naweza kumpitia. Kama Sele hana neno.

Nasra 13:04
Bi anauliza usiku kuna baridi, abebe ile shali ya kijani?

Shangazi Mwajuma 13:05
Abebe. Sele?