Mafundi wa tu-stroki Dar, mnachonga silinda bila kujua kilichoiua. Tumechoka!

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu ni wa hasira, anayetaka kubembelezwa apite.

Mchezo wenyewe unakwenda hivi. Mtu ananunua pikipiki ya tu-stroki (mipigo miwili) ya mnadani, DT 125, DT 175 au AG 100 za Yamaha, au TS 185 ya Suzuki, zile zilizokuwa na namba za DFP, yaani za miradi ya wafadhili, zikiwabeba mabwana shamba mikoani. Inafika Dar juu ya lori, inakwenda kwa fundi. Fundi anapiga kiki mara tatu, anatega sikio, anatoa hukumu: "Pistoni imekwisha bosi, tuchonge," yaani tundu la silinda lipanuliwe lipokee pistoni kubwa zaidi. Silinda inapelekwa Gerezani kwa mkereza, pistoni inasakwa Kariakoo, ringi, gasketi, na hela ya fundi juu. Pikipiki inawaka, kijiwe kizima kinashangilia. Wiki mbili baadaye inapanda kilima cha Pugu, inashika katikati ya mlima, pistoni imekwama ndani ya silinda. Inarudi kwa fundi yule yule, na jibu analo tayari: "Ile pistoni ilikuwa feki. Tuchonge tena."

Jamani, pistoni ndiyo maiti. Muuaji bado yumo ndani ya enjini, nanyi kazi yenu imekuwa kumpelekea maiti nyingine.

Na silinda hizi hazichongwi milele. DT 175 inaanza na kipenyo cha milimita 66.00, halafu pistoni zinapanda kwa robo: 66.25, 66.50, 66.75, 67.00. Nafasi nne tu. TS 185 inaanza na 64.00 na Suzuki wanaruka kwa nusu milimita, maana yake una mbili. Fundi akishachonga mara mbili kwa kubahatisha, mwenye TS anaanza kutafuta mtu wa kumwekea slivu mpya (lile bomba la chuma la ndani ya silinda), na hapo hela ya kufufua pikipiki imeishia kwenye chuma kimoja.

Sasa muuaji ni nani? Mara nyingi ni sili mbili za kranki, zile pete za mpira zinazoziba ncha zake, ambazo hakuna fundi anayezitaja kwa sababu kuzifikia ni kazi. Enjini ya mipigo miwili inavuta mchanganyiko wa petroli na hewa kupitia chumba cha kranki. Chumba kile kikivuja, hesabu yote ya kabureta imeharibika. Sili ya upande wa magineti ikichoka, inaingiza hewa kavu. Mchanganyiko unakosa petroli na oili, joto linapanda, pistoni inavimba na kuyeyukia upande wa ekzosi. Dalili yake inaonekana mapema: silensa (mzunguko wa enjini usipovuta mafuta) inapanda yenyewe, ukiachia mkono inachelewa kushuka. Fundi anafanya nini? Anapunguza skrubu ya silensa! Unapewa dalili ya bure, unainyamazisha.

Sili ya upande wa klachi ikifa, hadithi ni tofauti. Enjini inanyonya oili ya gia na kuichoma. Moshi mweupe usiokwisha, plagi inalowa, oili ya gia inapungua na chini hakuna hata tone. Hiyo nayo mnaiita "ringi zimekwisha".

Kupima hakuhitaji karakana ya maana. Toa kabureta na ekzosi. Tundu la ekzosi kwenye silinda lizibe kwa kipande cha mpira wa tyubu ya lori kilichobanwa na flanji ya ekzosi. Kama kuna pampu ya oili, ziba na bomba lake. Kwenye mdomo wa kabureta weka kizibo cha mpira chenye valvu ya tyubu ya baiskeli katikati. Pistoni iwe chini kabisa, ili juu na chini ya silinda pawasiliane. Halafu chukua kile kipimo cha presha ya damu cha kuminya kwa mkono, chenye saa inayofika 300. Hiyo 300 ni kama psi 5.8, na kipimo unachokitaka ni psi 6. Yaani chombo cha nesi kinatosha kabisa! Jaza hadi 300, funga, subiri dakika sita. Ikishuka zaidi ya 50 kwa dakika, kuna tundu. Paka povu la sabuni kwenye maungio, chini ya silinda, kwenye mpira wa kabureta, na nyuma ya magineti baada ya kuivua. Kwa sili ya upande wa klachi, fungua kifuniko cha kujazia oili ya gia, tandaza povu juu ya tundu, likivimba, umempata. Msije mkatumia kompresa ya kujazia matairi, mtazirusha sili nje kisha mseme zilikuwa mbovu.

Sili zenyewe msiombe kwa jina la pikipiki. Ukisema "nipe sili za DT" muuzaji anakupa anachotaka kiondoke dukani. Zimeandikwa vipimo: tundu la ndani, duara la nje, unene. Nenda na namba. Beringi vivyo hivyo, na za kranki ziwe na alama ya C3, maana zina nafasi zaidi kwa ajili ya joto. Beringi ya kawaida ya feni ikiwekwa pale inabana enjini ikichemka. Sili ipake grisi mdomoni, isukume kwa soketi yenye upana unaolingana nayo, polepole. Nyundo na bisibisi weka mbali.

Tuje kwa wakereza. Ninyi mna mashine nzuri na mikono mizuri, lakini nani aliwaambia mchonge silinda kabla pistoni haijafika? Eti "leta bloku, tutaipeleka hamsini". Hamsini ya nani? Pistoni iliyoandikwa 0.50 ya DT 175 inaweza kupima 66.45 mkononi na nyingine 66.47. Unaipima kwa maikromita kwenye sketi (sehemu ya chini ya pistoni), upande unaokata pini, karibu milimita 10 kutoka chini. Halafu unaongeza nafasi ya 0.04 hadi 0.05, hizi zinazopozwa kwa upepo. Pistoni ya 66.45 inataka silinda ya 66.49 au 66.50. Ukiikaza, inashika siku ya kwanza. Ukiilegeza, inagonga kama kengele ya shule. Vernia ya plastiki haisomi hayo!

Kabla hata ya kuchonga, kuna njia ya mtu asiye na kipimo cha silinda kujua kama imeliwa. Chukua ringi, iingize peke yake, isawazishe kwa kichwa cha pistoni, pima mwanya wake kwa fila geji (vile vibao vyembamba vya kupimia mwanya) chini kabisa pasipoliwa, kisha juu karibu na mwisho wa safari ya ringi. Tofauti igawe kwa 3.14. Chini 0.35, juu 0.67, tofauti ni 0.32, basi silinda imeliwa kama 0.10. Hiyo ni ya kuchongwa. Lakini ikiwa ni 0.03 na haina mikwaruzo, ringi mpya na kuipitisha honi (mawe ya kusugulia ndani ya silinda) kidogo vinatosha, na nafasi yako moja unaitunza. Ni wangapi wanaambiwa hivyo? Kuchonga kuna hela, ushauri hauna.

Na baada ya kuchonga, kingo za matundu ya silinda zinaachwa kali kama wembe. Ringi inapita pale mara elfu kadhaa kwa dakika, inanasa, inakatika, vipande vinakwangua kila kitu. Pitisha jiwe dogo au msasa kwenye kila kingo, nusu milimita tu, uone mteremko. Kisha osha silinda kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Narudia, maji na sabuni. Petroli inaosha mafuta, lakini unga wa jiwe unabaki kwenye mikwaruzo. Futa kwa kitambaa cheupe hadi kitoke cheupe, papo hapo paka oili, la sivyo unyevu wa Dar utaiotesha kutu kabla ya adhuhuri.

Kufunga kuna makosa yanayotia aibu. Mshale juu ya pistoni unaelekea ekzosi. Ncha za ringi zinakaa kwenye vile vijipini vya mferejini. Ukizungusha ringi upendavyo kama ya mipigo minne, unapiga kiki mara moja tu. Klipu za pini ni mpya kila mara, mdomo wake uelekee juu au chini. Klipu ya zamani "bado nzuri" ikichomoka, kwaheri silinda.

Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na kranki: shika, vuta juu chini. Kukiwa na mchezo hata mdogo, beringi ya chini imekufa, usifunge pistoni mpya juu yake. Kucheza pembeni kunaruhusiwa, ila kichwa cha juu kikiyumba zaidi ya milimita 2 imekwisha. Kranki ikishafunguliwa na kupigwa presi lazima inyooshwe kwa saa ya kupimia, mpindo usizidi 0.05. Wapo mafundi wanainyoosha kwa jicho. Kwa jicho!

Oili nayo. Oili ya bodaboda, ile ya mipigo minne, haichanganywi na petroli. Haikutengenezwa iungue, inaacha majivu, inaziba plagi na ekzosi. Wengine wanakimbilia Feri kuchukua oili ya mashine za boti yenye alama ya TC-W3. Ile ni ya enjini inayopozwa kwa maji ya bahari. Itakufikisha nyumbani ukikwama, lakini enjini ya kupozwa kwa upepo ina joto jingine. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO FC au FD, hata ile ya misumeno ya mbao inafaa ikiwa na alama hiyo. Kupima ni rahisi: bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa. Bomba moja kwa lita ni 1:50, mawili ni 1:25. Wakati wa kuizoesha pistoni mpya, weka mawili.

Halafu kuna ule mtindo wa kuziba pampu ya oili ya Yamaha na kusema "changanya tu kwenye tangi". Pampu ile ni ngumu kufa. Tatizo ni hewa iliyoingia kwenye bomba baada ya tangi la oili kukauka. Fungua skrubu ya kutolea hewa, acha oili itoke bila mapovu, funga. Tangi la kwanza la petroli changanya bomba moja kwa lita kama bima hadi uone kiwango cha oili kinashuka. Fundi ukiiziba, mwambie mwenye pikipiki! Kuna watu wameuziwa pikipiki zenye pampu iliyozibwa, wakaweka petroli tupu kwa kuamini tangi la oili limejaa.

Kuhusu kabureta nitasema machache. Jeti (kile kitundu kinachopima petroli) haitobolewi kwa waya wa spoku, unaipanua. Na sponji ya kichujio cha hewa isikatwe kutoka godoro: petroli inairarua, vipande vinaishia kwenye kabureta, na vumbi la Mbagala linapita bila hodi.

Kwa mwenye bajeti ya kubana, hela itoke kwa mpangilio huu: kupima uvujaji, sili, beringi kama zinalia, mpira wa kabureta, ndipo silinda na pistoni. Rangi, stika na tepu za kiti ziwe za mwisho kabisa. Bei siandiki kwa makusudi, maana bei ikitajwa humu kesho dukani inakuwa ndiyo ya kuanzia.

NYONGEZA 1: Mkuu aliyeuliza kwa nini asitupe hiyo enjini aweke ya Kichina ya mipigo minne. Unaweza, watu wanafanya. Lakini mikono ya kushikia enjini inabidi ikatwe na kuchomelewa upya, cheni isiponyooka inakula sproketi, na namba ya enjini haitalingana na kadi. Ukisimamishwa barabarani au ukitaka kuuza, maelezo utayatoa wewe, fundi hayupo.

NYONGEZA 2: Kwa wanaouliza kuhusu ekzosi iliyoziba. Kostiki soda ya watengeneza sabuni inakula masizi ndani ya ekzosi ya chuma. Maji kwanza, kisha soda ndani yake kidogo kidogo, wala si kinyume chake. Glavu na miwani, uwanjani penye hewa, iache usiku kucha, suuza sana. Jana mmoja kaniandikia inbox kwamba ametumbukiza na kichwa cha silinda humo. Mkuu, ile ni aluminiamu. Kitoe sasa hivi, kama bado kipo.