Naomba ushauri: kumpeleka mama Neuschwanstein, kwenda na kurudi siku moja
Habari zenu ndugu. Mama anakuja kunitembelea hapa Munich mwezi ujao, na natamani sana alione kasri la Neuschwanstein, lile ambalo Mfalme Ludwig II wa Bavaria alianza kulijenga mwaka 1869. Treni hadi Füssen ni kama masaa mawili, kisha basi. Hapo sina wasiwasi. Shida ni magoti yake. Kutoka Hohenschwangau, kijiji kilicho chini ya kasri, unapanda mlima kwa miguu kama dakika 40. Magari ya farasi yapo ila hayafiki mlangoni, na ndani ngazi ni nyingi. Tiketi nayo ina saa yake, ukichelewa imekwenda.

Mliowahi kwenda na mzazi, mlifanyaje? Nikate ya saa ngapi asikimbizwe? Au tuishie Hohenschwangau, tulitazame kutoka chini? Natanguliza shukrani.