Ukoo wa Chumbageni 🌴: laptopu ya Nassoro

JUMANNE

Shangazi Rehema 10:14
Assalaam aleikum wana ukoo. Nakumbusha kwa mara ya TATU. Kaka Salum anapanda ndege Muscat Alhamisi alfajiri. Laptopu ya Nassoro inunuliwe leo au kesho, hakuna keshokutwa. Waliotoa mpaka sasa: Salum laki 5, Mama Nassoro laki 4, mimi laki 3. Wengine mnasoma tu, tiki za buluu naziona.

Shangazi Rehema 10:15
Bei riali 320. Kwa hela yetu milioni 2 na laki 1 hivi.

Shangazi Rehema 10:52
Hata salamu?

Saumu 11:30
Waaleikum salaam 🙏

Shangazi Rehema 11:31
Saumu salamu tu? Mchango je?

Ba'mdogo Hamza 12:05
Milioni mbili! Mtoto anakwenda kusoma au kurusha ndege? Kuna jamaa yangu Kariakoo ana Core i7, mtumba lakini haina hata mkwaruzo. Laki 7 na nusu, na begi anakupa.

Ba'mdogo Hamza 12:05
📷 Picha

Athumani 12:09
Begi ndilo zuri 😂

Shangazi Rehema 12:10
Juma uko wapi? Wewe ndiye mtu wa kompyuta. JUMA.

Athumani 12:13
Nassoro mwenyewe mbona kimya? Yule anayenifunga tano bila pale barabara ya 13 leo hana mdomo?

Nassoro 12:31
Shikamooni. Ni ya chuo shangazi. Usanifu majengo tunachora kwenye Revit, halafu kuna Lumion ya kutoa picha za jengo kama limeshajengwa. Kaka wa mwaka wa tatu ameniambia Lumion bila kadi ya grafiki, ile inayoshughulikia picha kwenye kompyuta, haiendi.

Athumani 12:32
Lumion inacheza ligi gani? Ufaransa?

Saumu 12:33
😂😂😂

Shangazi Rehema 12:34
Mnacheka na saa zinakwenda.

Mama Nassoro 13:20
Assalaam aleikum. Mimi nawashukuru kwa mliyofikisha. Kama ni kubwa sana basi tuchukue ya uwezo wetu, sitaki mtoto aanze chuo na deni la watu.

Shangazi Rehema 13:21
Wifi hakuna deni hapa. Marehemu alinisomeshea Zainabu. Acha kabisa.

Juma 15:41
Shikamooni wote, nimetoka zamu sasa hivi. Ba'mdogo, naomba namba kamili ya hiyo i7. Ipo kwenye stika, au afungue mipangilio, pale pa "Kuhusu".

Ba'mdogo Hamza 15:50
Marahaba. i7 ni i7 Juma.

Ba'mdogo Hamza 16:02
Anasema i7-5600U

Juma 16:04
Hapo sasa. Hiyo 5 ya mwanzo ndiyo kizazi chake. Ni prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya mwaka 2015, kori (vichwa vya kufanyia kazi) 2 tu. U mwishoni maana yake imetengenezwa ili itumie umeme kidogo, siyo ipige kazi nzito. Ile ya Ba'mkubwa ya riali 320 ni i5-12450H: kizazi cha 12, kori 8.

Juma 16:05
i7 na i5 ni kama namba moja na namba mbili darasani. Namba moja wa darasa la tano usimpeleke kushindana na namba mbili wa kidato cha nne.

Juma 16:07
Halafu haina kadi ya grafiki ya peke yake. Kila kitu kinabebwa na ile grafiki ndogo iliyo ndani ya prosesa. Na Windows 11 kwa Intel rasmi inaanzia kizazi cha 8. Windows 10 nayo Microsoft walifunga huduma zake za kawaida Oktoba 14, 2025. Ndiyo maana mashine hizi zimejaa mitaani kwa bei hiyo.

Zainabu 16:11
Basi ni pacha wa ile yangu 😭 Nikifungua Word tu feni inalia kama mashine ya kukoboa. Nilikuwa naiwasha naenda kuoga, nikirudi bado inazunguka.

Athumani 16:12
Wewe unaoga saa nzima Zainabu, usiisingizie

Zainabu 16:12
🙄

Shangazi Rehema 16:13
Na ile aliinunua nani? Tusianze.

Ba'mdogo Hamza 16:14
Dada umeshaanza. Sema na turubai basi, umalize yote.

Shangazi Rehema 16:15
Turubai umelitaja wewe, siyo mimi.

Ba'mdogo Hamza 16:15
Ujumbe huu umefutwa

Ba'mdogo Hamza 16:16
Tangu arobaini ya Mzee mimi kwenye kikundi hiki ni mwizi. Nikileta cha bei rahisi nimekula. Nikinyamaza sichangii. Haya, endeleeni na Oman yenu.

Ba'mkubwa Salum 16:48
Assalaam aleikum. Niko dukani. Ziko mbili, zote i5, zote kadi inaitwa RTX 4050. Moja nyeupe, nyembamba, nzuri kweli, riali 330. Nyingine nyeusi, nene, chaja yake kama tofali, 320. Nachukua nyeupe naongeza mwenyewe hizo 10?

Ba'mkubwa Salum 16:48
📷 Picha

Ba'mkubwa Salum 16:48
📷 Picha

Saumu 16:50
Nyeupe mashallah 😍

Athumani 16:51
Nyeupe mwezi mmoja tu hapo chuoni itakuwa rangi ya uji wa ulezi

Mama Nassoro 16:55
Hiyo chaja ya tofali si itamaliza LUKU jamani?

Athumani 16:56
Shangazi Rehema ajiandae, ndiye anayekaa naye. Atazimiwa friji ili mtu apige penalti

Saumu 16:56
😂😂 samaki wataoza

Athumani 16:57
Kwanza huwa anakosa penalti

Nassoro 16:58
Lini nimekosa? 😤

Shangazi Rehema 16:58
JAMANI SALUM YUKO DUKANI AMESIMAMA. Juma!

Juma 17:06
Nipo. Ba'mkubwa shikamoo. Usichukue nyeupe kwanza. Hiyo 4050 watengenezaji wanaiwekea umeme tofauti, kuanzia wati 35 mpaka 115. Jina moja, mwendo mbalimbali. Mashine nyembamba huwa wanaibana isichemke. Muulize muuzaji wati za kadi kwa kila moja. Asikwambie za chaja, za KADI.

Ba'mkubwa Salum 17:09
Marahaba baba. Anasema zote sawa tu.

Juma 17:10
Wote husema hivyo. Aandike modeli kamili kwenye karatasi, unitumie picha, nitaangalia kwenye tovuti ya mtengenezaji.

Juma 17:13
Ma'mdogo, kuhusu LUKU: ikipiga kazi kweli itakula kama wati 150. Kwa muda wa saa 3 hapo ni karibu nusu uniti. Akiandika tu inakula kidogo zaidi. Ila gemu au Lumion lazima chaja iwe imechomekwa, kwenye betri pekee inajipunguza nguvu na haifiki mbali.

Mama Nassoro 17:15
Ahsante mwanangu. Gemu tena?

Nassoro 17:15
Ni mfano tu mama

Juma 17:17
Tusidanganyane 😅 Mashine ya Lumion na mashine ya gemu ni ileile moja. Huwezi kununua ya kwanza ukaizuia isiwe ya pili.

Ba'mkubwa Salum 17:31
📷 Picha

Ba'mkubwa Salum 17:32
Ndiyo modeli hizo. Kibodi zote zina herufi za Kiarabu pembeni, haina neno?

Mama Nassoro 17:33
Hapo umenipata shemeji. Alhamdulillah.

Athumani 17:34
Tutafungwa kwa bismillah sasa

Juma 17:44
Nimeangalia. Nyeupe kadi yake ni wati 50. Nyeusi ni 95. Nyeusi, Ba'mkubwa, bila kufikiri. Vya kukagua kabla hujalipa: RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni GB 16 au 8? Ni kipande kimoja au viwili? Kuna nafasi ya kuongeza, au imegandishwa kwenye bodi?

Ba'mkubwa Salum 17:52
8. Kipande kimoja. Nafasi ya pili ipo tupu, amenifungulia mfuniko nimeiona kwa macho yangu. Pana vumbi kidogo hapo, eti mpya.

Juma 17:54
Vumbi angalia na karatasi ya plastiki ya kioo kama ipo, na skrubu kama zina mikwaruzo. Kama ni ya kuonyeshea watu dukani, akupunguzie. Mwambie akuwekee 8 nyingine kwenye nafasi ya pili. Vipande viwili vinakwenda kwa kasi kuliko kimoja, na kwa kazi hizi 8 peke yake utaisikia inakohoa.

Ba'mkubwa Salum 18:03
Skrubu moja ina mkwaruzo. Plastiki ya kioo haipo. Nimemwonyesha, amecheka. 310 pamoja na RAM.

Athumani 18:03
Ba'mkubwa bado Mtanga 🔥

Nassoro 18:05
Kaka Juma, SSD ya kuhifadhia vitu ni GB ngapi?

Juma 18:06
512

Nassoro 18:06
FC peke yake inataka kama GB 100

Juma 18:07
Na gemu ya GTA ni zaidi ya 100. Revit utaiweka wapi, mfukoni?

Shangazi Rehema 18:08
FC ni nini?

Shangazi Rehema 18:10
Nassoro nakuuliza. FC ni somo?

Athumani 18:10
Football... Chuo 😂😂

Shangazi Rehema 18:12
Hesabu. 310 sawa na milioni 2 na kidogo. Tunayo milioni 1 na laki 2. Laki 8 na ushee haipo. Juma?

Juma 18:14
Laki 2 shangazi. Nyingine mwisho wa mwezi.

Athumani 18:20
Elfu 50 yangu. Kwa masharti nirudishiwe mechi ya Idi

Shangazi Rehema 18:21
Saumu? Mwajuma? Ba'Fatuma? Watu kumi na tisa humu ndani.

Ba'mkubwa Salum 18:25
Huku tumewatangulia saa moja. Duka linafungwa saa 4, kwenu saa 3. Nimeacha riali 20 ya kuishikilia mpaka kesho. Nikikosa, hiyo 20 imekwenda na maji.

Zainabu 18:40
Bibi ameamka, anauliza kuna nini, simu yangu inalia tu. Nimemsomea.

Shangazi Rehema 18:41
Umemsomea YOTE?

Zainabu 18:41
Aliniambia nianzie juu

Athumani 18:42
Inna lillahi

Zainabu 18:58
Bibi anasema niandike neno kwa neno, nisipunguze.

Zainabu 19:04
"Salamu zenu zimefika. Salum usinunue kwanza. Nassoro aje hapa, akae mbele yangu, anieleze kwa mdomo wake hiyo mashine ni ya nini. Kama ni ya kuchora nyumba aseme, kama ni ya mpira aseme, mpira si haramu. Baba yake aliniambia pikipiki ni ya kwendea kazini."

Zainabu 19:05
"Na turubai. Turubai lilishalipwa. Nililipa mimi, kwa hereni zangu. Hamza asiulizwe tena na mtu, si kwenye simu wala si kwenye kikao."

Shangazi Rehema 19:11
Zainabu. Umeandika sawasawa?

Zainabu 19:12
Nimeandika alivyosema. Ameingia kuswali.

Ba'mkubwa Salum 19:40
Zile za arusi yake?

Zainabu 19:43
Sijui Ba'mkubwa. Masikioni ana kijiti.

Mama Nassoro 20:02
Mama amesema kweli. Nassoro nenda.

Nassoro 20:15
Nitakwenda mama. Ni ya kuchora. Na ya mpira pia, nitamwambia.

Juma 20:18
Akiondoka asubuhi, saa 7 hivi yuko Tanga. Ba'mkubwa subiri mpaka saa 8 mchana ya huku. Muda bado upo.

Ba'mkubwa Salum 20:20
Saa 8 ya kwenu ni saa 9 huku. Nitakuwa nafunga mizigo, lakini haya. Nitaibeba mkononi, betri hawataki kwenye begi la chini.

Shangazi Rehema 20:24
Basi. Basi la saa 12 asubuhi. Nassoro weka kengele ya simu. Mchango unaendelea, Bibi hajasema tusichange. Pungufu laki 5 na 60 hivi.

Mwajuma 20:51
👍

Shangazi Rehema 20:52
Mwajuma 👍 ni shilingi ngapi?

Nassoro 21:07
Shangazi nauli sina

Shangazi Rehema 21:08
Leo asubuhi nilikupa elfu 10.

Nassoro 21:09
Nililipia bando, nilikuwa natazama majaribio ya hizo laptopu mbili

Athumani 21:10
Utafiti 😂

Shangazi Rehema 21:12
Nani ana nauli ya mtoto? Naomba mtu mmoja tu.

Shangazi Rehema 21:30
Mmoja.

Ba'mdogo Hamza 21:46
Nimemtumia. Ya kwenda na kurudi.

Nassoro 21:47
Imeingia. Ahsante Ba'mdogo, shikamoo.

Shangazi Rehema 21:55
Ahsante Hamza.

Shangazi Rehema 22:13
Na ule mchango wako nikuandike ngapi?