Ushauri: simulesheni yangu ya ute wa mwani, mtiririko unasimama katikati

BintiDuga: Wakuu, habari za jioni. Niko Tanga, namalizia tasnifu ya uzamili. Nafanya simulesheni, yaani naiga kwa kompyuta, ya minyororo (molekuli ndefu) ya karajinani, ule ute wa mwani, ndani ya maji yanayosukumwa: ukuta wa juu unakwenda, wa chini umetulia, kati yao nanomita 20. Laptopu haibebi atomu zote, kwa hiyo molekuli nne za maji nimezifanya chembe moja, na minyororo hivyo hivyo. Mwendo ulitakiwa upungue sawasawa toka juu hadi chini. Wangu unafia karibu na ukuta, katikati kimya kabisa. Nipanue sanduku la simulesheni au niongeze chembe? Tarehe ya kuwasilisha imekaribia, usingizi sipati.

Mzee wa Raskazone: Binti yangu, mwani nimeulima. Mwani aina ya kotonii unakufa bahari ikipata joto, tumebaki na aina ya spinosamu ya bei ndogo. Mngetutafitia hilo kwanza.

Fundi_Chumbageni: Badili mashine. Kazini kwetu tulilaumu programu mwezi mzima, kumbe kompyuta imechoka.

Nadharia: Maji yakisukumwa yanapata joto, lazima kuna kitu kinacholitoa hilo joto. Umetumia nini? Hujataja.

BintiDuga: Joto halina shida, limekaa kelvini 300 muda wote.

Nadharia: Sijauliza limekaa ngapi.

BintiDuga: Thamostati ya Langevin, ile kanuni ya kudhibiti joto ndani ya simulesheni. Wengi wanaitumia. Halafu sura ya tatu nimeshamtumia msimamizi. Nimeandika kwamba ute umejigawa matabaka mawili, moja linakwenda, jingine limeganda. Jambo hilo lipo kwenye vimiminika vizito, sijalitunga mimi.

Ustadhi wa Pongwe: Elimu ni amana, dada. Huna yakini nalo, umelipelekaje?

Kijana wa Mabawa: Hii chai, tena ya maziwa. Mwani, Langevin, msimamizi, usingizi hakuna! Mtu anatafuta wa kumfanyia mtihani. Kama kweli unayo hiyo simulesheni, weka namba ya msuguano uliyoandika.

BintiDuga: Natumia LAMMPS, programu ya simulesheni za molekuli. Muda wa kufifia kwa kasi, femtosekunde 100. Umeridhika?

Nadharia: Basi si chai, maana namba hiyo inazaa ugonjwa uleule aliousema. Langevin inaivuta kila chembe isimame, kasi ikipimwa kutoka kwenye sanduku. Haijui kwamba maji yenyewe yanasafiri, kwa hiyo msukumo wa ukuta unaliwa njiani. Unafika mbali gani? Zidisha mnato wa maji uliogawanywa kwa msongamano wake, mita mraba 0.000001 kwa sekunde, kwa femtosekunde 100, kisha tafuta kipeuo cha pili: kama nanomita 0.3. Sanduku lako ni 20. Katikati ingetembeaje?

BintiDuga: Chembe zangu si maji halisi, mnato wake ni tofauti. Na minyororo ya juu imevutika, grafu ninayo.

Nadharia: Imevutwa na mwendo huohuo uliopinda. Toa minyororo yote, endesha maji matupu. Kisha ongeza ule muda mara 100. Tabaka linalotembea likinenepa kama mara 10, hayo matabaka ni ya thamostati. Baada ya hapo hamia kwenye thamostati inayofanya kazi kwa jozi, kwa tofauti ya kasi za chembe mbili: njia ya Hoogerbrugge na Koelman ya 1992, ambayo Español na Warren waliiwekea uwiano wa msuguano na mitikisiko mwaka 1995. Anachopoteza mmoja anakipata jirani, mtiririko haufi. Na hata hapo kuna kazi: nguvu za chembe zako zilipimwa ute ukiwa umetulia. Ukivutwa sana, usidhani zinabaki zilezile.

Kijana wa Mabawa: Chai naifuta. Samahani dada.

Mzee wa Raskazone: Na kotonii je?

BintiDuga: Maji matupu, bila mnyororo hata mmoja, katikati imesimama vilevile. Ile ya muda mara 100 bado inaendeshwa. Msimamizi nimemwandikia aisome sura ya pili tu, ya tatu aiache kwanza.