Vibonyeo vya vidole kwenye mpini wa upinde wa mbao: je, vinamfaa mpigaji?

Mgeni_wa_Ugwe

Hamjambo nyote. Ninatumia upinde mrefu wa mbao wenye nguvu ya kuvuta ya ratili 40 unapovutwa hadi inchi 28. Mpini wake ni mnyoofu, umezungushiwa ngozi, na taabu yangu ni kwamba mkono wa kushoto hautui mahali pamoja kila ninapoushika. Mshale mmoja nimeshika juu kidogo, unaofuata nimeshika chini, na mishale inatawanyika juu na chini hata pale ninapokuwa na hakika kwamba nimevuta na kulenga vizuri.

Fundi seremala mmoja wa kando ya Ngong Road, ambaye amewahi kunitengenezea rafu za vitabu na kazi yake naiamini, ameutazama upinde huu na kusema anaweza kunichongea vibonyeo vinne vya vidole upande wa mbele wa mpini, kama vile vilivyo kwenye mipini ya visu vya buchani. Anasema vidole vikishaingia humo mkono hautakuwa na pa kwenda. Hoja yake inaniingia akilini, ila nimetazama pinde za wazoefu ninaokutana nao hapa Nairobi na sioni vibonyeo, wala hakuna aliyewahi kunieleza sababu. Je, nimruhusu achonge? Kiganja changu ni kidogo, na katika miezi ya Juni na Julai huvaa glavu nyembamba kwa ajili ya baridi ya asubuhi, ikiwa hilo lina uzito wowote katika uamuzi.

Mzee_wa_Podo

Ndugu yangu, fundi wako ameutambua ugonjwa sawasawa, ila dawa yake inatibu mkono uliopumzika, ilhali mshale haupigwi na mkono uliopumzika. Ukishika upinde ambao haujavutwa na kumwonyesha fundi vidole vilipo, atachonga umbo la mkono wako kama ulivyo wakati huo. Ukiuvuta hadi ugwe, yaani kamba ya upinde, ukafika shavuni, ratili 40 zinausukuma mpini ndani ya kiganja, nyama ya shina la dole gumba inabonyea, kifundo cha mkono kinajipanga upya, na vidole vinasogea kutoka pale vilipokuwa. Vibonyeo vilivyokutosha vizuri sebuleni havitakutosha wakati wa kufyatua, na ukivishurutisha vidole vibaki humo utaanza kukaza misuli ya mkono ambayo kwa wakati huo inapaswa kuwa imelegea, huku mgongo ndio unaofanya kazi.

Tazama pia pembe ya mkono. Mpini unapaswa kukaa kwenye nyama ya dole gumba, upande wa ndani wa ule mstari mrefu unaoizunguka, huku vifundo vya vidole vikiwa vimelala kwa mshazari wa takriban nyuzi 45. Mkono ukikaa hivyo, nusu ya kiganja iliyo upande wa kidole cha mwisho haiugusi mpini kabisa, vidole vinaufikia kwa mshazari, na vile viwili vya mwisho havina kazi. Wapigaji wengi huvikunja kando. Vibonyeo vinne vilivyochongwa kuukata mpini kwa mapana vinadai kinyume cha hayo. Vinataka vidole vyote vinne vipangwe wima, kimoja chini ya kingine, na hilo haliwezekani bila kiganja kizima kuukumbatia mpini. Kiganja kikiukumbatia mpini, kiwiko nacho hugeukia ndani na kuingia katika njia ya ugwe. Wanafunzi wanaonijia na michubuko kwenye mkono wa kushikia huwa nawaangalia kwanza wanavyoshika, kabla sijawauliza habari za kinga ya mkono.

Jambo la tatu ni kuusokota upinde. Kidole kikikaza upande mmoja, mpini huzunguka kidogo kiganjani, na kwa kuwa mshale bado unasukumwa na ugwe, mzunguko huo mdogo huonekana kwenye shabaha kama mishale inayokwenda kushoto au kulia bila sababu inayojulikana. Kibonyeo kinakialika kidole kikaze, ndivyo kilivyoundwa. Wewe leo unalalamikia juu na chini, na sitaki uongeze kushoto na kulia.

Wajapani wamelipeleka jambo hili mbali zaidi kuliko sisi. Upinde wao wa kyudo, yaani sanaa yao ya kupiga upinde, unapita mita 2 kwa urefu, mpini wake umezungushiwa ngozi tu, na mpigaji stadi akishaachilia mshale upinde huzunguka wenyewe ndani ya kiganja hadi ugwe ukasimama upande wa nje wa mkono. Hilo haliwezi kutokea ikiwa vidole vimefungiwa kwenye vibonyeo. Wala hatuhitaji kwenda hadi huko: pinde za Wakamba, na zile za Waata wa Tsavo zilizotumika kuwinda ndovu, hazina mpini uliochongwa kwa umbo la kiganja. Pinde zaidi ya 130 zilizopatikana katika meli ya Mary Rose, iliyozama Uingereza mwaka 1545 na kuopolewa mwaka 1982, nazo ni hivyo hivyo.

Seremala_Dagoretti

Mzee amesema ya mkono, nami niseme ya mti, kwa sababu hapo ndipo hasara inapoweza kuwa kubwa zaidi.

Kabla hujampa fundi patasi, hakikisha kwanza kama mpini wako unapinda. Laza rula pembeni mwake mtu mwingine akiuvuta upinde taratibu, kisha uangalie kama mwanga unajitokeza kati ya rula na mti. Ukijitokeza, basi mpini ni sehemu ya upinde inayofanya kazi, na usichongwe kabisa. Hata kama haupindi, kumbuka kwamba vibonyeo vya vidole vinachongwa upande unaoelekea shabaha, yaani mgongo wa upinde, ambao ndio unaobeba mvutano wote. Katika upinde wa mti mmoja, nyuzi za mgongoni zinatakiwa zipite bila kukatwa. Ukizikata kwa mapana mahali panne, umeonyesha ufa pa kuanzia. Mtu aliyezoea rafu na meza, hata awe hodari kiasi gani, amezoea mbao zinazotakiwa zikae kimya. Hii ya kwako inapinda na kurudi kila unapopiga mshale.

Ikiwa upinde wako ni wa matabaka yaliyobandikwa na una fibaglasi mgongoni, jibu langu ni lile lile, tena niongeze kwamba vumbi la fibaglasi si la kuvuta kifuani. Panapoweza kuchongwa ni pale tu ambapo mpini una kipande kinene kilichoongezwa kwa gundi, na mchongaji abaki ndani ya kipande hicho.

Mimi humwambia kila mteja aongeze badala ya kupunguza. Ile gundi nzito ya kufinyanga ambayo mafundi bomba huitumia kuziba mabomba inauzwa katika duka lolote la vifaa vya ujenzi. Uzungushie mpini karatasi ya plastiki kwanza, ubandike gundi juu yake, uifinyange, uisugue kwa msasa ikishakauka, na usipoipenda uibandue. Upinde wako utabaki kama ulivyokuwa.

Bi_Mshale

Naomba kutofautiana kidogo na Mzee, kwa heshima zote, kwa kuwa maelezo yake yanamhusu mtu mwenye mkono mzima. Mimi nina baridi yabisi, vidole viwili vya mkono wa kushoto havikunjiki vizuri, na nikiuacha mpini ukae kwenye nyama ya dole gumba peke yake upinde huniponyoka baada ya kufyatua, au nabaki na hofu kwamba utaniponyoka, na hofu hiyo huharibu mshale vilevile. Mpini wangu una kibonyeo kimoja chini ya ngozi, mahali pa kidole cha kati, chenye kina kidogo sana. Sikikazi. Kidole kinalala pale nami najua mkono uko mahali pake.

Pia isisemwe kwamba kushika kwa vidole ni dhambi. Howard Hill wa Marekani, aliyefariki mwaka 1975 na ambaye ni vigumu kumtaja mpiga upinde mrefu mwenye sifa kumshinda, alifundisha kuushika mpini kwa mkono mzima, kisigino cha kiganja kikiwa kimeketi chini. Alijua anachokifanya, naye alikifanya vilevile kila mara. Ninavyoona mimi, mtu anayeshika kwa namna hiyo kwa makusudi hadhuriwi sana na vibonyeo. Anayedhurika ni yule anayejifunza kuulegeza mkono huku mpini ukimwambia aukaze.

Mzee_wa_Podo

Bi Mshale, nakubaliana nawe kuhusu mkono wako, na kuhusu Hill sina ubishi, ingawa mpini wake ulikuwa mnyoofu. Kibonyeo kimoja kinauonyesha mkono mahali pa kukaa na kuuacha uchague pembe yake. Vinne vinaiamua pembe pia, tena mbaya. Niongeze kwamba Hill alikuwa mwindaji, na mwindaji hutegemea mshale mmoja. Uwindaji umepigwa marufuku nchini mwetu tangu mwaka 1977, kwa hiyo sisi ni watu wa shabaha, tunapiga mishale mingi kwa asubuhi moja, na mkono unaokaza huchoka kabla ya saa sita.

Mgeni_wa_Ugwe

Asanteni sana. Nimepima kwa rula, na mpini haupindi, lakini upinde ni wa mti mmoja, kwa hiyo patasi ya fundi haitaugusa. Nimevutiwa na wazo la alama moja. Niiweke wapi, na nitajuaje kwamba ni mahali sahihi?

Mzee_wa_Podo

Paka mpini poda au chaki iliyosagwa, pachika mshale, simama karibu na marobota ya nyasi, ufumbe macho, uvute, upumue, halafu ufyatue. Usiuachilie ugwe bila mshale hata kwa majaribio, maana upinde unaweza kuvunjika. Kisha ukitazame kiganja: poda ikiwa imeshika upande wa dole gumba tu, mkono umekaa vizuri, ikiwa imeenea hadi chini ya kidole cha mwisho, unakumbatia. Rudia hadi mkono utulie wenyewe, halafu mwenzako aweke alama ya kalamu mahali ambapo panda kati ya dole gumba na kidole cha shahada imegusa mpini.

Ifungue ngozi, uzungushe uzi wa katani juu kidogo ya alama hiyo, wenye unene wa njiti ya kiberiti, kisha uirudishe ngozi juu yake. Mkono utaupanda mpini hadi ukutane na kituta hicho na kusimama. Wenye viganja vidogo kama wewe hufaidika zaidi, kwa sababu kituta hakijali vidole vina urefu gani. Kwa sababu hiyo hiyo glavu hazitakusumbua, mradi ziwe nyembamba: kituta kinasikika kupitia kitambaa, ilhali vibonyeo vilivyopimwa kwa mkono mtupu vingekubana ungevaa glavu.

Seremala_Dagoretti

Kwenye uzi huo atie tone la gundi ya mbao mwanzoni na mwishoni, la sivyo jasho litaulegeza nao utaanza kuteleza chini ya ngozi.

Bi_Mshale

Na kabla ya yote hayo, kagua alama ya kupachikia mshale kwenye ugwe. Ikiwa ni ya uzi uliolegea na inapanda na kushuka, mishale yako itapanda na kushuka vilevile, nawe utakuwa unaulaumu mkono ambao hauna kosa.