Ati "hata mama lishe anatumia gesi": nimedhalilishwa mbele ya wanafunzi

Mtu wa Maabara:
Wadau, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka. Yule mkubwa wetu, ambaye hana haja ya kutajwa kwa kuwa mnamjua wote, asubuhi hii amenisimamisha mbele ya wanafunzi sita wa mafunzo kwa vitendo akaniambia: "Hata mama lishe anatumia gesi kila siku na hajalipuka, wewe na digrii yako unaogopa nini?" Mama lishe! Kosa langu ni kuzima mashine ya kromatografia, ile inayosukuma sampuli kwa gesi ili kuzitenganisha kemikali zilizomo, baada ya kukuta kwamba usiku waliondoa mtungi wa heliamu, ambao bei yake sasa inashinda mahari ya binti wa sultani, wakafunga wa hidrojeni bila kurekebisha kitu kingine chochote.

Nyuzi za mtungi wa hidrojeni hukazwa kwa kuzungusha kushoto, makusudi, ili regyuleta (kidhibiti cha shinikizo) ya heliamu isiingie. Wao wakaazima kiungo cha kulazimisha. Nilipopaka maji ya sabuni pale, mapovu yaliumuka kama maandazi. Hidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa hushika moto, na oveni ya mashine yetu haina kihisi cha kuizima pale safu, yaani kile kibomba chembamba gesi inamopita, ikivunjika ndani yake, wakati bomba la gesi ya ziada lilikuwa likipumulia mgongoni mwangu. Halafu nalinganishwa na mama lishe, ambaye angalau hupikia penye upepo! Mbele ya wanafunzi sita!

Mwali wa Buluu:
Pole sana, mkuu. Kwetu walisahau kwamba kigunduzi cha mwali, kinachounguza kinachotoka kwenye safu ili kukipima, nacho hula hidrojeni, kwa hiyo inayotoka kwenye safu ilipoongezeka juu ya ile ya kuwashia mwali, majibu yalivurugika juma zima.

Safu Ndefu:
Mleta mada, kinachokuuma ni mtungi au ni mama lishe? Maabara nyingi Ulaya zimeshahamia hidrojeni, na uchambuzi unakwenda haraka zaidi.

Mtu wa Maabara:
Sikatai hidrojeni. Mnato wake, yaani uzito wake wa kutiririka, ni karibu nusu ya ule wa heliamu, hivyo ukiacha shinikizo lilelile vilele vyote kwenye grafu, ambavyo kila kemikali hutambuliwa kwa muda wa kutokea kwake, vinahama, na sampuli za mabaki ya viuatilifu za jana zote ni za kurudia. Nilipolieleza hilo ndipo nikajibiwa habari za mama lishe.

Chanzo cha Ayoni:
Heri vilele vihame kuliko kubadilika jina. Kwenye kipima masi chetu, kinachotambua kemikali kwa uzito wa vipande vyake, hidrojeni iliigeuza nitrobenzini kuwa kemikali nyingine, anilini, na lawama nikabebeshwa mimi niliyeandaa sampuli.

Mwana wa Sumbawanga:
Mimi hasira zangu ziko kwingine. Tangu mwaka 2016 tunaambiwa Bonde la Rukwa lina heliamu, lakini mtungi wangu bado unatoka ng'ambo na nimeusubiri miezi mitano.

Maji Safi:
Afadhali wewe unayesubiri mtungi. Sisi tulinunuliwa mtambo wa kuzalisha hidrojeni kwa kutenganisha maji kwa umeme, na mtu mmoja, mnajua ni nani, akaujaza maji ya bomba badala ya maji yaliyoondolewa ayoni (chembe za chumvi). Kuna anayemfahamu fundi wa kuufungua?

Mwana wa Sumbawanga:
Nami namhitaji huyo fundi. Mtambo wetu wa hidrojeni umekufa tangu umeme ulipokatika Ijumaa.